Msemaji wa Upande Wetu

Ukimpelekea Fundi kitambaa, jibu lake la kwanza lilikuwa hapana. Alikuwa hajakiona bado. Umesimama kwenye ngazi ya baraza yake, mfuko mkononi, salamu hujaimaliza, naye keshatikisa kichwa bila kuondoa macho kwenye cherehani. "Hapana. Kazi iko mingi. Enda kwa wale bavijana ba soko, bako na mashini ya umeme." Mgeni aligeuka akaondoka, na wengi niliwaona wakishuka kilima cha Kamembe wamenuna. Mwenyeji aliketi. Alijibweteka kwenye benchi, akauliza habari za watoto, za mvua, za foleni ya darajani, mpaka Fundi mwenyewe akanyoosha mkono na kusema, "Bon, leta nione hii takataka yako." Hapo ndipo kazi ilipoanza, na suruali aliyokushonea uliivaa mpaka ukaichoka wewe, si yenyewe.

Mimi nilikuwa mgeni wa kuondoka. Tulikuwa tumetoka Tabora karibuni, mume wangu kapata kazi ya ufundi mitambo kwenye kinu cha mpunga huko Bugarama, Rwanda. Joto la bonde lile lilimtoa mtoto wetu vipele mwili mzima, kwa hiyo tukapanga nyumba juu Kamembe, na mume wangu akawa anapanda Jumamosi na kushuka Jumapili jioni. Baraza yetu na ya Fundi ziligusana. Nilimpelekea kitenge siku ya pili tu ya kuhamia, akanikatalia, nikarudi ndani nikalia kwa hasira. Nilimchukia kwa siku tisa. Nazikumbuka kwa sababu nilikuwa nazihesabu, sikuwa na kazi nyingine.

Siku ya kumi nilikuwa barazani nakula ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo mama alinifungia mfuko mzima nilipokuwa naondoka. Kwetu mtu akipita unakula, unamkaribisha. Usipomkaribisha, habari itamfikia shangazi yako kabla hujanawa mikono. Basi kila aliyepita njiani nilimpigia kelele, "Karibu chakula!" Wakaangalia pembeni. Mama mmoja alikaza mwendo kama amefukuzwa. Fundi akasimamisha cherehani, akavuka.

"Maman Tanzania," akasema, na jina hilo likanishika mpaka siku ninaondoka, "weye unaita bantu mu chakula. Banapita na haya, banafika kwao banaulizana: ule mama, bwana yake alimufukuza mu nyumba?"

"Kwetu asiyekaribisha ni mchoyo, Fundi."

"Huku mwenye anakula mu njia, njo hana nyumba. Ingiza sahani, funga mulango, kula vizuri."

Hiyo 'njo' yake ni 'ndiyo' ya kwetu. Nilikusanya vyombo vyangu, uso umeniiva. Lakini hakuondoka. Alikuwa anaitazama sahani.

"Na ile ya kijani ni nini?"

Nikamwekea kwenye bakuli, nikafunika kitambaa. Akalipokea kwa mikono miwili, akaingia kwake, akafunga mlango. Nusu saa baadaye bakuli lilirudi limeoshwa, na ndani yake nyanya mbili. Hakusema kama ilikuwa tamu. Ila kila mfuko wa nsansa ulipofika kutoka Tabora, alikuwa anajua kabla yangu.

Nyanya zilikuwa za mkewe. Kila asubuhi mama yule alijitwika kapu, akashuka darajani, akavuka mto Rusizi wa mpakani kwenda kuuza Bukavu, Kongo, akarudi alasiri miguu imejaa vumbi la upande wa pili. Walipokuwa na watoto wadogo, watoto walibaki na Fundi, na Fundi hakuwa mtu wa kuwaachia sakafu. Aliwafunga mgongoni kwa kitenge, mmoja baada ya mwingine, wote wanne, akaendelea kushona. Wanaume wa Kamembe hawajawahi kumsamehe kwa hilo. Mwanaume na mbeleko! Walipita wakimwuliza amejifungua lini, na ni wa kike au wa kiume. Yeye aliwajibu, "Ni ile siku mama yako alichoka na weye," na mguu haukutoka kwenye kanyagio.

Nilipofika mimi, watoto wake walikuwa wakubwa, yule wa mwisho yuko sekondari. Kumbe mgongo ulikuwa bado una hamu. Nilipougua malaria akaja kumchukua binti yangu bila kuuliza, akamfunga kwa kitenge changu kilekile alichokataa kukishona, na mtoto aliyekuwa hanipi usingizi akalala kwa mtikisiko wa cherehani mpaka mchana. Tangu hapo ikawa desturi. Jumamosi moja mume wangu akapanda kutoka Bugarama, akamkuta binti yake kwenye mgongo wa mzee mwenye ndevu za mvi. Alisubiri tumalize kula. Ndipo akauliza, "Mtaa huu hauna wanawake?" Baada ya miezi mitatu alikuwa anambeba mwenyewe, ila ndani, na pazia limeshushwa.

Msidhani alikuwa mtu mpole. Kwa watoto alikuwa na subira ya ajabu, na kwa sisi wakubwa hakuwa nayo hata chembe. Hakuwahi kumaliza nguo siku aliyoahidi, na hakuwahi kuomba radhi. "Muntu mwenye haraka ashone mwenyewe," ndiyo ilikuwa radhi yake. Siku moja, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nilimwambia asijivune sana kwani nyumba yake inalishwa na nyanya za mkewe. Alininyamazia wiki mbili. Lakini kila asubuhi aliendelea kuja mlangoni, akanyoosha mikono, akampokea mtoto, akaondoka naye bila kunisalimu. Nami nilikuwa namkabidhi bila kumsalimu. Tulikuwa kichekesho. Mkewe ndiye aliyetupatanisha, kwa kutuambia sote wawili kwamba tuna akili ya kuku.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kuvuka. Alikwenda kununua vifungo na uzi, akavaa viatu vya kung'aa. Alikulia ng'ambo ile, maana wazazi wake walikuwa wamekimbilia huko, na alirudi Rwanda akiwa mtu mzima mwenye mke na cherehani. Nilifuatana naye mara moja. Tuliketi kwa rafiki zake wa ujana, na nikamsikia akijigamba: "Kwetu Kamembe hauone karatasi mu njia. Muntu anasimama mu foleni hata saa mbili, bila kugombana." Wale wazee wakapiga makofi kwa kumcheka, wakasema Fundi amekwisha, amekuwa Mnyarwanda kabisa. Jioni hiyohiyo tumerudi, hata kilima hatujakimaliza, akakutana na wanaume wa mtaa wetu akawaambia: "Bukavu njo kwenye bantu banajua kuishi. Huku mukitaka kucheka, munafunga dirisha kwanza." Nao wakasema Fundi hatabadilika, ni Mkongomani mpaka kaburini.

Nilimwuliza ni upande gani anaoudanganya.

"Sidanganye muntu," akasema. "Kila fasi nabapatia kile kyenye bamekosa."

Alisema kwa mzaha, lakini nilikaa naye miaka ya kutosha kujua palipouma. Ng'ambo walimwita jina la huku, na huku walimwita jina la ng'ambo. Kinyarwanda alikuwa anakijua kuliko wengi waliomcheka, methali zake, mafumbo yake, majina ya sifa ya ng'ombe. Ila alikitamka kwa lafudhi ya Bukavu, maneno yakivutwa na kupandishwa kama anayeita mtu aliye mbali. Wenyeji walisema Kinyarwanda chake kinanuka bugali, ule ugali wa ng'ambo.

Na lafudhi hiyo ndiyo iliyomnyima kitu pekee nilichowahi kumwona anakitamani.

Nieleze. Huku, kijana akitaka kuoa, kuna siku iitwayo gusaba, siku ya kuomba msichana. Familia mbili zinaketi chini ya mahema mawili, zinaelekeana, na katikati panabaki uwanja mtupu. Wazazi hawasemi. Kila upande unakuwa na msemaji wake, na hao wawili ndio wanaopigana kwa maneno mbele ya watu wote. Wenye binti wanakana: hatuwajui, msichana huyo hatuna, tena ninyi mna kosa la zamani kwetu. Waombaji wanapaswa kujibu kila kombora bila kukasirika, kwa adabu na kwa werevu, mpaka wenyeji washindwe kukataa. Yote ni mchezo, na kila mtu anajua kwamba binti yuko ndani amekwisha vaa. Lakini msemaji akiwa butu, ni aibu ambayo ukoo utaikumbuka mpaka wajukuu.

Fundi alikuwa mgonjwa wa jambo hili. Jumamosi mahema yakipigwa popote kilimani, alifunga cherehani akaenda kusimama kwenye uzio, awe amealikwa au hapana. Jumatatu alinirudia mashindano yote, akiigiza sauti za wote wawili, sindano mdomoni. "Pale alianguka! Pale mi ningemujibu hivi." Na jibu lake, nakuapia, lilikuwa bora siku zote. Ukutani nyuma ya cherehani ilining'inia suti ya kijivu ndani ya mfuko wa plastiki. Wateja waliiulizia, akawaambia haiuzwi. Alikuwa ameishona kwa ajili ya siku atakayopewa kiti cha msemaji.

Siku hiyo iliwahi kumkaribia ikampita. Mpwa wake alipoposwa huko Bugarama, Fundi ndiye mjomba, alijitayarisha mwezi mzima. Asubuhi ya sherehe akakuta familia imemleta msemaji wa kulipwa kutoka mjini. Wao walimwonyesha kiti cha nyuma, karibu na kreti za soda. Akavua koti la ile suti, akaanza kugawa chupa. Habari hii sikuipata kwake, ilitoka kwa mkewe, huku akichambua nyanya. "Banasema muntu wa kubeba batoto mu mugongo, mwenye kusema kama Mushi wa Bukavu, hawezi kusimama mbele ya bantu," akasema. "Alirudi akaishona tena ile kifungo ilikuwa imelegea, akaitundika."

Kisha akaja mdogo wangu. Alikuja kutusalimia wiki mbili, akapata kazi gereji, akampata na msichana wa Nzahaha, mpimaji wa maabara, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Wakapatana. Baba yangu akaandikiwa kule Tabora. Na sisi, wageni tusio na mjomba wala shangazi hapa, tukahitaji msemaji.

Mdogo wangu alimtaka kijana mmoja aliyemwona kwenye video za harusi, mwenye sauti nzito na fimbo yenye urembo. Mimi nilimtaja Fundi, mume wangu akasita. Hata kutoka Nzahaha likaja neno la adabu, kwamba wamesikia tunamfikiria fulani, na je, Kamembe nzima imekosa mtu mwingine? Niliposikia hivyo damu ilinipanda. Nikasema mtu aliyemlea mwanangu mgongoni hatagawa soda kwenye sherehe yangu. Nikavuka baraza, nikaketi kwenye benchi, nikauliza habari za watoto, za mvua, za foleni ya darajani. Ndipo nikamwomba.

Hakujibu hapana. Mguu ulisimama kwenye kanyagio. Kisha akasema polepole, "Maman Tanzania, batanicheka. Na bakinicheka, banacheka mudogo yako."

"Wacheke."

"Na muzee wako?"

"Baba yangu hajui Kinyarwanda. Atakuona wewe tu."

Kwa wiki tatu alinihoji habari za kwetu kuliko polisi. Tunalima nini, tunazikaje, tunagombana vipi. Nilimweleza hata utani: kwamba sisi Wanyamwezi tuna watani, kama Wazaramo, wanaoruhusiwa kututukana hata kwenye msiba, na kwamba kwenye mazishi ya babu mtani mmoja alilala kaburini akakataa kutoka mpaka alipwe, na hakuna aliyekasirika. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Yote akayatia kichwani. Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho kila mmoja wetu alidhani mwenzake atakifanya. Mimi nilidhani Fundi atamweleza baba akifika jinsi mchezo unavyokwenda. Fundi alidhani nitamweleza mimi.

Baba alifika siku mbili kabla, kachoka na mabasi, kofia yake ya pama kichwani. Naye huko kwetu ni mshenga wa kuheshimika, ameozesha nusu ya kata. Kwake uposaji ni kazi ya sauti ya chini: unaomba kwa heshima, ukikataliwa unashukuru, unaondoka, hugeuki nyuma.

Siku ilipofika tulipanda Nzahaha na magari mawili. Mahema meupe, mashamba ya migomba pande zote, wanawake katika mishanana, yale mavazi ya kufungwa begani, ya rangi moja. Fundi akaketi kiti cha mbele upande wetu, suti ya kijivu imemkaa kana kwamba imekatwa jana. Mkewe alikuwa miongoni mwa akina mama zetu, amefumba macho, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasali. Msemaji wa wenyeji alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye Kinyarwanda safi cha kunyooka.

Fundi alipofungua mdomo, vijana wa upande wa pili wakaanza kucheka chinichini. Mwalimu akawasikia, akaichukua nafasi. Akauliza kwa upole wa sumu: ni nani huyu tuliyemleta, anayesema kama ana maji ya mto mdomoni?

Uwanja ukavuma kicheko. Nikamwona mke wa Fundi ameinamisha kichwa. Fundi alisubiri kicheko kiishe chote, hakukikimbiza. Halafu akasema kwa lafudhi ileile, hakuifuta hata kidogo: "Ni kweli, mheshimiwa. Mto huo nimeuvuka kwa kuhama mara mbili. Mara ya kwanza nilibebwa, sikuulizwa. Mara ya pili nilitembea mwenyewe, kwa sababu nilitaka kurudi kwetu. Wewe uliyekaa ukingo mmoja, maji yake utayajulia wapi?"

Mzee mmoja wa upande wao, bibi wa watu mwenye fimbo, akapiga kofi moja. Wengine wakafuata.

Mwalimu akakaza mchezo. Nilikuwa nimeketi nyuma ya baba, namtafsiria sikioni, neno kwa neno, kwa uaminifu wa kijinga. "Anasema hawatujui, baba. Anasema binti huyo hawana. Anasema babu yetu aliwahi kufika hapa, akala, akaondoka bila kuaga."

Baba akasimama.

Alivaa kofia yake vizuri, akasema kwa Kiswahili, sauti ya kutosha wote kusikia, "Basi tumshukuru Mungu. Mtu akikwambia hana, hana. Wanangu, twendeni." Na akaanza kutembea kuelekea lango.

Jambo hilo halina jibu kwenye mchezo ule. Waombaji hawaondoki. Nilimwona mama wa binti ameziba mdomo kwa mikono miwili, pazia la dirishani likatikisika, mdogo wangu akageuka rangi ya majivu. Mwalimu mwenyewe alibaki ameshika kipaza sauti. Miaka yote ya umahiri wake, hakuna aliyewahi kuamini kwamba kweli binti hayupo. Mimi nilitaka ardhi inimeze, maana kosa lilikuwa langu.

Fundi aliinuka taratibu. Aliwageukia wenyeji kwanza, kwa Kinyarwanda. "Mmeona? Mmesema babu aliondoka bila kuaga. Huyu ni mwanawe. Hakuweza kuomba chochote kabla hajailipa aibu ya baba yake, ndiyo maana amesimama mbele yenu nyote, akaaga. Kosa limekwisha. Sasa anarudi kama mtu msafi, aanze upya." Kisha akamwita baba, na hapo hakutumia kipaza sauti.

"Muzee! Hawa ni batani yako."

Baba akasimama karibu na lango. "Nini?"

"Batani. Kama bale Wazaramo. Matusi yote ile njo mukaribisho. Na sasa bananyamaza, banangoja uwatukane na weye. Utaondoka bila kuwajibu?"

Nilimwona baba akifikiri. Akalitazama lile hema, nyuso zote zile zilizotoa macho. Mtu wa kwetu anaweza kuondoka mbele ya matusi ya adui, lakini mbele ya mtani hathubutu, watu watamcheka mpaka Tabora. Akarudi mpaka katikati ya uwanja, akavua kofia.

"Waambie," akasema, "kama babu alitoka bila kuaga, ni njaa ndiyo iliyomtoa. Na hata leo nimefika tangu asubuhi, nimeangalia jikoni kwao, sijaona moshi."

Nilifumba macho. Huku, mgeni hasemi habari ya chakula cha mwenyeji. Jikoni haangalii kabisa. Nilijua kwamba Fundi angeweza kuilainisha ile kauli, waliojua Kiswahili pale ni wachache. Alivua miwani, akaifuta kwenye mkono wa suti, akairudisha. Na akaitafsiri yote. Njaa, jiko, moshi, hakuacha kitu, kwa lafudhi ya Bukavu iliyovutwa mpaka mwisho wa mahema.

Yule bibi mwenye fimbo ndiye aliyeanza. Alicheka akashikilia ubavu. Kicheko kikatembea kiti kwa kiti, kikavuka uwanja, kikafika kwetu, mpaka mwalimu akaketi chini akifuta machozi. Aliponyanyuka alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na kufurahia: "Nyumba hii mgeni hajawahi kuona jiko lake. Huyu ameliona. Basi si mgeni. Nani awezaye kumnyima binti ndugu aliyekwisha fika jikoni?"

Vigelegele vilivyopigwa Nzahaha siku hiyo sijavisikia tena. Mke wa Fundi hakupiga. Alisimama tu, akavuka uwanja mbele ya kaumu yote, jambo ambalo halifanywi, akaenda akamtengenezea mumewe kola ya suti, akarudi akaketi. Fundi akamwacha. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Tulishinda. Mdogo wangu alipata mke, lakini siku ile ilikuwa ya Fundi, na kila aliyekuwepo alijua. Wakati wa vinywaji, mwalimu alimshika mkono, akamketisha kwenye kiti kilichokuwa kando yake, mbele kabisa.

Mwaka uliofuata mkataba wa mume wangu uliisha tukarudi Tabora. Binti yangu alilia kwa Kinyarwanda ndani ya basi.

Nilimwona Fundi mara nyingine moja tu, juzi juzi, nilipokwenda kumtazama mtoto wa mdogo wangu. Walinichukua hadi Bugarama kwenye gusaba ya rafiki yao. Fundi alikuwa msemaji wa wenyeji. Amekonda kidogo, suti ni nyingine, ya bluu. Dada wa bwana harusi aliniambia kwamba siku hizi tarehe ya sherehe haipangwi mpaka aulizwe yeye kwanza kama ana nafasi. Kabla mambo hayajaanza nilipenya nikaketi nyuma ya kiti chake, tukasalimiana kwa haraka, akauliza habari za binti yangu na za nsansa.

Upande wa waombaji akainuka msemaji wao, kijana wa miaka thelathini hivi, mtanashati. Akaanza kuomba, na mimi nikashangaa. Maneno aliyavuta, akayapandisha, kama anayeita mtu aliye mbali. Watu walimsikiliza kwa makini, na hakuna aliyecheka.

Nikamwinamia Fundi. "Huyu naye alikulia Bukavu?"

"Hapana. Ni wa hapa hapa. Hajawahi kuvuka hata daraja."

"Mbona anasema hivyo?"

Fundi alimtazama yule kijana, akalinyoosha koti lake.

"Banasema njo vile musemaji anasemaka," akasema. Kisha akasimama, maana zamu ilikuwa yake.